Mji Ambao Mume Wangu Hajafungua Friji

Mume wangu hajawahi kunikatalia jambo. Hilo ndilo tatizo. Ukimwomba kitu atakuambia, "Sawa, mama watoto," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali, na wewe mjinga utashangilia, kisha jambo lenyewe litakufa taratibu bila mtu kulichinja. Mwanamume anayekataa unaweza kugombana naye. Huyu wangu utagombana naye vipi?

Ni fundi wa friji. Si hizi za nyumbani tu zenye maziwa na nusu kitunguu. Kazi yake hasa ni zile za hoteli na migahawa, na vile vyumba vya baridi ambavyo mtu mzima anaingia kwa miguu yake akakuta ng'ombe ametundikwa. Watu wanamwita Baridi. Mama yangu mzazi aligoma mwaka mzima kumwita mkwewe jina la utani, lakini siku hizi naye akipiga simu anauliza, "Baridi hajambo?" Jina lenyewe linadanganya watu. Moyo wake ni wa moto, na hawezi kupita penye kitu kinachoteseka akakiacha, maadamu kitu hicho kina waya.

Kwenye harusi ya binti yetu wa kwanza tulimtafuta baba wa bibi harusi wakati wa kukata keki. Tulimkuta nyuma ya ukumbi, koti la suti limetundikwa kwenye kitasa, yeye amepiga magoti mbele ya friji ya soda. Ndugu wa upande wa pili walikuwa wamempita pale mara kadhaa wakidhani ni fundi wa ukumbi. Mmoja wao alimwagiza barafu. Naye akampelekea.

Mimi nashona mapazia. Nina chumba changu mbele ya nyumba, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na wateja wanaokaa kwenye kiti cha plastiki wakinisimulia maisha yao wakati napima kitambaa. Mmoja wao, mwalimu aliyekuwa ndiyo kwanza ameolewa, ndiye aliyenitia wazimu huu. Alikuwa ametoka kupumzika na mumewe kule kwenye bonde la mizabibu, ambako ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari kutoka kwetu. Kazi yao kule ilikuwa kula na kunywa. Asubuhi shamba moja, wanaonjeshwa mvinyo na jibini. Mchana shamba jingine. Jioni wamekaa mezani, sahani hii inaondoka, ile inakuja, na hakuna anayeinuka. Alipoondoka nilikata pazia lake fupi kwa kiganja kizima, ikabidi ninunue kitambaa kingine.

Nilichotaka ni kidogo, na nitakisema wazi ili asije mtu akaniona mwenye makuu. Nilitaka kukaa mezani, chakula kilichopikwa na mikono ya mtu mwingine kiletwe mbele yangu, na mume wangu akae kiti cha pili bila kuinuka. Nimeolewa naye miaka na miaka, tumelea watoto watatu, na sijawahi kumaliza mlo mmoja wa nje naye akiwa ameketi tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuomba mbingu.

"Sawa, mama watoto," akasema Baridi. Nikajua nimekwisha.

Mara ya kwanza, mwaka jana, nilifanya kosa la kumwachia yeye achague mji. Akachagua ule wa kando ya mto. "Nawajua pale," aliniambia, "watatupokea vizuri." Walitupokea, kweli. Mwenye hoteli alitoka mbio mpaka kwenye gari, mimi hata hakunisalimu. "Fundi! Mungu amekuleta! Samaki wangu wote wanaoza!" Baridi alipandisha begi chumbani, akashuka, na sikumwona tena mpaka giza lilipoingia. Chakula cha kwanza cha mapumziko yetu nilikila nikitazamana na kichupa cha chumvi. Cha pili vilevile. Siku ya kuondoka mwenye hoteli alitufungia chupa za mvinyo kwa shukrani, na mume wangu akazipakia kwenye gari huku akinitabasamia, kana kwamba alikuwa amenishindia zawadi. Sikusema naye njia nzima. Yaani, nilisema naye njia nzima, yeye ndiye hakusema.

Kwa hiyo safari hii kazi ya kuchagua mji niliichukua mwenyewe. Jumapili moja nikamwita wifi yangu, dada yake Baridi, mjane mwenye mdomo na mwenye simu kubwa inayoonyesha picha za kila mahali. Tukakaa watatu kwenye meza yangu ya kukatia.

"Huu hapa wa ziwani," wifi akasema. "Oneni mgahawa huo, meza ziko juu ya maji kabisa."

Baridi akachungulia. "Mzuri. Ila msile nyama."

"Kwa nini?"

"Chumba chao cha baridi wanakizima usiku. Wanabana umeme. Nimewaambia mpaka nimechoka."

Wifi akatelezesha kidole. "Haya, huu wa kwenye reli."

"Pale jibini wanaiweka na samaki. Kila kitu kinanuka kila kitu."

"Huu wenye mnara?"

"Mpishi wa pale mchuzi anautia kwenye ndoo ya rangi." Akafikiri kidogo, maana ni mtu wa haki. "Lakini aliiosha."

Nilikuwa nimekuja pale mezani mate yananitoka, yakakauka. Watu wote duniani wanaingia mgahawani kwa mlango wa mbele, wanaona maua na vitambaa vyeupe, wanakula, wanashukuru. Mimi nimeolewa na mtu ambaye bonde zima amelijua kwa mlango wa nyuma. Hana mji hata mmoja anaoukumbuka kwa ladha ya chakula. Miji anaikumbuka kwa mipira ya milango iliyolegea na feni zilizojaa mafuta.

Kisha wifi akafungua picha ya mji mmoja uliokuwa katikati ya bonde, na macho ya Baridi yakawaka.

"Huo! Huo ndio twende! Jamaa wa pale amefunga mashine mpya kwenye chumba cha baridi, mota yake haisikiki kabisa. Unaweza kulala humo ndani."

"Kaka," wifi akamwuliza, "unampeleka mkeo kula au unakwenda kukagua?"

"Kula. Kukagua ni dakika mbili tu."

Dakika mbili za Baridi nazijua. Mtoto wetu wa mwisho nilimzaa ndani ya dakika mbili zake.

Hapo ndipo nilipoielewa shida yangu vizuri. Miji ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na miji aliyoichukia kwa sababu anajua jikoni kwao, na huko asingekula; na kulikuwa na miji aliyoipenda kwa sababu anajua jikoni kwao, na huko asingekaa. Wifi aliponiaga mlangoni alinishika mkono akaninong'oneza, "Wifi yangu, sikio la kufa halisikii dawa. Acha kumtafutia kaka mji mzuri. Mtafutie mji ambao hajafungua friji hata moja."

Likawa ndilo sharti langu. Nikaanza kupiga simu. Napima kitambaa kwa mkono mmoja, simu iko sikioni, namwuliza mtu wa hoteli maswali kama watu wengine: vyumba vikoje, mashamba ya mizabibu yako mbali, chakula cha jioni kinaanza lini. Kisha namalizia, "Samahani, na friji zenu nani anazitengeneza?"

Wengine waliniomba nirudie swali. Mmoja aliniuliza kama natoka idara ya afya. Mwingine, kijana wa kiume mwenye sauti ya unyenyekevu, aliapa kwamba nyama yote imenunuliwa leo. Na dada mmoja wa mapokezi, mchangamfu kweli, akaniambia, "Tunaye fundi wetu, mama, mzuri sana, anakuja hata sikukuu. Anaitwa Baridi. Nikupe namba yake?"

Nilikata simu nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Anakwenda kwao hata sikukuu, nami nilikuwa sijui. Nilidhani sikukuu zile anakwenda karibu.

Nilikaribia kuacha. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Mwishoni nikapata mji mdogo juu kabisa ya bonde, mahali barabara inapoishia. Mwanamke mwenye mgahawa alipokea simu mwenyewe. Vyumba anavyo vichache, juu ya mgahawa. Mvinyo wao unakaa kwenye pango lililochongwa chini ya nyumba, hauhitaji mashine yoyote. Friji anazo, zinatengenezwa na mkwe wake, mume wa bintiye.

"Na huyo mkwe hasafiri?"

"Aende wapi? Ana mbuzi."

Nikamwambia atuwekee chumba.

"Huo mji siujui," Baridi akasema nilipomwonyesha, na alisema hivyo kwa huzuni kidogo.

"Ndiyo maana."

"Chakula chao kikoje?"

"Sijui, na wewe hujui. Tutakula hatujui, kama watu wengine."

"Sawa, mama watoto."

Siku ya safari nilifungua buti la gari, nikatoa sanduku la vifaa kwa mikono yangu miwili, nikalisukuma chini ya kitanda. Simu yake nikaizima mbele ya macho yake. Hakunung'unika. Njiani tuliongea habari za watoto, huyu kazini kwake, yule na mchumba wake, mpaka habari zao zikatuishia, kisha tukasikiliza redio.

Mji ulikuwa mtaa mmoja wa mawe unaopanda. Duka la mkate, kinyozi, nguo zimeanikwa kwenye madirisha, paka mmoja katikati ya njia asiyeogopa gari. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kipana, shuka zinazonukia sabuni, na dirisha lililotazama mizabibu mpaka chini bondeni. Mimi niliona raha nikasimama tu. Nyuma yangu Baridi alikuwa ameweka kiganja ukutani, anasikiliza bomba la maji. Nikamtazama. Akautoa mkono.

Mchana binti mmoja wa shamba la jirani alituteremsha kwenye pango lao tuonje mvinyo. Alitumiminia kidogo, akasema, "Zungusheni, nuseni, kisha kila mmoja amwambie mwenzake anasikia nini." Nikazungusha, nikanusa. Nilisikia zambarau, nikasikia moshi kwa mbali, nikamgeukia mume wangu nimwambie, nami nikamngoja aniambie.

Akanusa. "Nasikia unyevu," akasema. "Lakini hewa inazunguka vizuri. Aliyechonga humu alikuwa anajua kazi."

Binti akacheka akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Nilimeza zambarau zangu na moshi wangu peke yangu.

Hata hivyo jioni nilivaa. Nilivaa gauni la kijani nililojishonea kwa ajili ya siku hiyo na nikajipaka manukato nyuma ya masikio. Tulipewa meza ya pembeni yenye mshumaa. Ukaja mkate wa moto, ikaja supu, na Baridi alikuwa ameketi. Ukaja mvinyo mwekundu, na Baridi alikuwa ameketi. Nilianza kuogopa kupumua. Akaletwa kondoo wa kuchoma na viazi, ngozi yake imekauka vizuri inapasuka chini ya kisu, harufu ya vitunguu saumu imejaa meza nzima. Nikamtazama mume wangu ng'ambo ya sahani ile, naye akanitazama, na nikawaza: leo.

Akainamisha kichwa upande mmoja. Ninaujua mwinamo huo.

"Nakwenda kunawa mikono," akasema.

"Umekwisha kunawa."

"Dakika mbili."

Nikala kipande kimoja. Nikanywa. Nikala kiazi. Kondoo wa sahani ya pili aliacha kutoa mvuke. Wazee wawili wa meza ya jirani walikuwa wanapigana na mfupa mmoja huku wakicheka, na yule bibi akanitupia jicho la huruma, na jicho lile ndilo lililoniinua. Niliweka kitambaa mezani nikaenda moja kwa moja jikoni. Damu ilikuwa inanichemka. Nilikuwa tayari kumkabili yule mwenye mgahawa na kumwuliza alipata wapi ujasiri wa kumtoa mgeni wake mezani.

Baridi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mkono mzima umezama nyuma ya friji. Mkwe mwenye mbuzi alikuwa amesimama kando amekunja mikono, uso umemvimba, maana bisibisi iliyokuwa inatumika ilikuwa yake.

"Imeharibika nini?" niliuliza.

"Haijaharibika, dada yangu," akasema mwenye mgahawa. "Inalia hivyohivyo tangu tuinunue. Tumeshaizoea."

"Sasa nani alimwita?"

Yule mama alimtazama mkwe wake, kisha akanitazama mimi, na nikaona ananionea haya.

"Hakuna aliyemwita. Amepiga hodi mwenyewe."

Nilisimama pale na gauni langu la kijani. Mwaka mzima nilikuwa nimewalaumu wenye hoteli, samaki wao, simu, bonde zima. Nilikuwa nimezungusha namba za watu kutafuta mji ambao hautamwita. Nimeupata, haukumwita, akaenda.

"Baba watoto," nikamwambia, "inuka."

Akainuka. Tukarudi mezani, watu wakajifanya hawatuoni. Mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda meupe pembeni mwa sahani yake. Alikaa, akaficha mikono michafu chini ya meza.

"Niambie ukweli na usiniambie sawa," nikasema. "Unanikimbia?"

"Sikukimbii."

"Ila?"

Alisugua vidole vyake chini ya meza. Nilifikiri ndiyo basi, jambo hili nalo limekwisha kufa.

"Nikikaa hapa sijui niseme nini," akasema.

"Useme nini kuhusu nini?"

"Kuhusu chochote. Umevaa ukapendeza, mshumaa unawaka, unanitazama, unangoja. Mimi najua kusema kompresa imekufa." Akautazama mshumaa. "Nikitoka jikoni unanigombeza, basi tunaongea mpaka nyumbani. Lakini nikikaa tu hivi, naogopa utaona sina kitu."

Nilikuwa na jibu kali. Ningemwambia kwamba watu wote humu ndani wanaongea na hakuna aliyefundishwa, kwamba kuongea si ufundi, ni kufungua mdomo tu. Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Nikatafuta la kusema. Watoto tulikuwa tumewamaliza garini. Mama yangu magoti yanamuuma kama yalivyomuuma jana. Mapazia hayamhusu. Mvinyo nimeshaumeza. Nikatafuta tena, mhudumu akaja akaondoa mkate, akaenda zake, na mimi bado natafuta. Miaka yote niliyoishi na mtu huyu nilikuwa nimemwambia jambo moja tu kwa namna mia: njoo ukae. Na sasa alikuwa ameketi.

Hasira yangu ilikuwepo palepale, ila haikuwa na pa kwenda. Jikoni friji ilikuwa inalia, na mimi pia sasa nikawa naisikia.

"Inalia nini ile?" nikamwuliza.

Alinikazia macho kwanza, aone kama namdhihaki. Sikuwa namdhihaki. Ndilo swali pekee nililokuwa nalo. Akatoa mikono chini ya meza, akachukua uma wake na uma wangu kuwa mabomba, kiazi kuwa mota, akaanza kunieleza. Nusu ya maneno yake sikuyaelewa. Nikamwambia arudie, polepole.